Aliyelipia Klachi

Mwanamke humshuku mumewe anapotaja bei kubwa. Klementina alianza kumshuku wa kwake siku alipogundua kwamba alimtajia bei ndogo.

Ilikuwa mchana, saa za chakula, na kibanda chake cha mama lishe nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba, hapo Bariadi mjini, kilikuwa kimejaa madereva. Msimu wa pamba ulikuwa umekwisha kitambo. Malori yalikuwa yanabahatisha mchanga na tofali, na madereva walikula taratibu kama watu wasio na safari. Maneno yao yalikuwa yale yale ya kila siku: dizeli, tairi, spea.

"Siku hizi tairi moja ni mtamba," alisema Maganga, dereva wa siku nyingi aliyependa kula na kulalamika kwa wakati mmoja. "Unamtoa mtamba zizini, unarudi na mpira."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mwezi uliopita nimenunua klachi, seti nzima. Milioni moja na laki mbili. Bosi wangu akaniuliza, hiyo ni klachi au umeoa?"

Klementina alikuwa anapakua maharage. Upawa ukabaki hewani.

"Klachi ya gari gani hiyo?"

"Hili la bosi wangu. Si ndilo kama lenu, mama? Hayo ni mapacha."

Mumewe, Joakim, naye alikuwa amebadilisha klachi mwezi huo uliopita. Alikuja nyumbani, akakaa, akavua kofia, akasema, "Mama Winnie, klachi imekufa. Laki sita." Klementina akatoa laki sita, akiba yake yote ya kibandani, na lori likatembea. Hakuuliza zaidi. Sasa amesimama na upawa mkononi, mchuzi unamdondokea kwenye kanga, anajiuliza ile nusu nyingine ilitoka wapi.

Wazo la kwanza lilikuwa la hofu. Labda amefungiwa klachi ya mtumba, iliyochakaa, siku moja itamwacha kwenye mlima na tani zake kumi mgongoni. Wazo la pili lilikuja jioni, wakati anaosha masufuria, na hilo halikuwa la hofu. Labda kuna mtu aliyemlipia. Na nani humlipia mume wa mtu laki sita bila sababu?

Lori lile halikuwa mali ya hivi hivi. Baba yake Klementina, mzee Mwandu wa Sapiwi, kabla hajafa aliita wanawe wote akasema mbele yao kwamba sehemu ya ng'ombe ni ya Klementina, binti yake aliyemuuguza. Kaka zake walinung'unika. Binti kupewa ng'ombe, tena kundi, hawakuwahi kuona. Na Klementina na Joakim walipowauza ng'ombe hao wakanunua lori la mkononi, kaka yake mkubwa, Josia, alilizunguka mara moja, akalipiga teke tairi la mbele, akasema, "Ng'ombe anazaa. Chuma hakizai. Chuma kinakula."

Miaka ya mwanzo chuma hakikula sana. Kilibeba pamba ya Sapiwi na Ngulyati, kikajenga nyumba ya bati, kikampeleka mtoto wao Winnie sekondari ya bweni. Kisha bei zikaanza kupanda, na zilipopanda hazikukumbuka kushuka. Betri, springi, pampu, bima. Kila walichokibadilisha kilimwamsha jirani yake aharibike. Kununua lori lingine hakukuwa jambo la kuzungumza, kwa sababu hata makuukuu yalikuwa yanauzwa kwa bei ambayo zamani ungepata jipya. Basi wakabaki na la kwao, wakilihudumia kama mgonjwa wa ndani.

Tangu siku ile ya Maganga, Klementina akawa na macho mengine. Mambo aliyokuwa akiyaona kila siku yakaanza kuonekana kama yana mkia. Joakim alipopigiwa simu alitoka nje, akaongelea kwenye kona ya tangi la maji. Zamani pia alitoka nje, mtandao ulikuwa hafifu ndani, lakini sasa kutoka kule kulikuwa na maana. Alikwenda Ipililo, kwao, wilaya ya Maswa, na lori tupu likarudi tupu. Nani anachoma dizeli ya siku hizi kwenda kusalimia?

"Shangazi hajambo?" alimuuliza aliporudi.

"Hajambo."

"Hakukupa hata michembe?"

Joakim akamtazama. "Hakunipa."

Shangazi Ng'washi hakuwahi kumwacha mtu aondoke bila hivyo viazi vyake vikavu. Klementina akalitia hilo moyoni pamoja na mengine.

Jumatatu asubuhi alimwachia msichana wa jirani kibanda, akaenda duka la spea la Novatus, karibu na stendi. Alijifanya anaulizia bei. Novatus, mtu mpole mwenye vidole vyeusi vya grisi, akamtajia: milioni moja na laki mbili, na hapo kamjali.

"Sasa mume wangu mbona alinunua kwa laki sita?"

"Hakununua hapa basi." Halafu Novatus akakunja uso, akakumbuka. "Subiri. Joakim? Joakim alinunua hapa hapa, shemeji. Kwa bei hiyo hiyo. Alitoa nusu taslimu na nusu..." Akaanza kupanga vichujio vya mafuta vilivyokuwa vimekwisha kupangwa.

"Nusu nini?"

"Shemeji, mimi ni muuza spea."

"Novatus. Watoto wako wanakula kwangu."

Novatus akashusha sauti, ingawa dukani hakukuwa na mtu mwingine. "Alikuja na mama mmoja. Mtu mzima kidogo, ana miwani. Huyo ndiye aliyenirushia iliyobaki kwa simu. Na hakuondoka mpaka alipoona fundi anaifunga. Alikaa pale kwenye kiti, ameshika pochi yake. Usinitaje."

Klementina alirudi kibandani kwa miguu, jua likimpiga utosini, asilisikie. Mama mwenye miwani. Aliyekaa kusubiri mpaka klachi ifungwe. Mwanamke wa kupita hakai kusubiri gari la mtu lifungwe klachi. Huyo anasubiri kitu chake.

Usiku ule hakusema. Asubuhi, wakati Joakim anapiga mswaki uani, aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Baba Winnie, ile klachi ulinunua wapi? Kuna mteja anataka kujua."

Joakim akatema povu. "Mwanza."

Hivyo tu. Neno moja, lakini lilikuwa la uongo, na Klementina aliona jinsi lilivyotoka kirahisi. Wameoana zaidi ya miaka ishirini. Akajiuliza ni mengine mangapi yaliyowahi kutoka kirahisi hivyo.

Simu ya Joakim ilipolia tena, mwenyewe alikuwa bafuni. Ilikuwa mezani, uso juu. Iliandika: VIOLETH IPILILO. Klementina hakuipokea. Aliiangalia mpaka ikanyamaza yenyewe.

Siku mbili baadaye alimwambia mumewe anakwenda Sapiwi kumwona mama yake. Badala yake alipanda basi la Maswa, na huko akachukua bodaboda hadi Ipililo. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Mbuga ilikuwa nyeusi na inanata, na dereva wa bodaboda alimwomba ashuke mara kwa mara wasukume. Njiani alipanga maneno yake. Aliyapanga makali, kisha makali zaidi. Alimwona huyo Violeth katika mawazo yake akiwa kijana, kisha mnene, kisha mzuri, na kila mara ana miwani.

Kabla ya kufika kwa ukoo wa mumewe, njia hupita kando ya majaruba ya mpunga. Majaruba matatu ya chini, yale mazuri yanayoshika maji, yalikuwa ya Joakim. Aliachiwa na baba yake. Kila mwaka shangazi yake aliyasimamia, na magunia ya mchele yakaja Bariadi. Klementina alisimamisha bodaboda. Ndani ya majaruba kulikuwa na maksai wanalima, na wanaume watatu asiowajua wakiwaswaga.

"Mnamlimia nani?" aliwapigia kelele.

"Mama Violeth," mmoja akajibu, bila kusimama.

Maneno yote makali aliyoyapanga yakamtoka kichwani. Alijua kwamba alichokuja kukitafuta hakikuwa kile alichokidhania, lakini bado hakujua ni nini, na kutokujua huko kulimtisha kuliko kule kwa kwanza.

Shangazi Ng'washi alikuwa uani anaanua michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, maana wingu lilikuwa linakuja. Alikuwa mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka, dada wa baba yake Joakim. Klementina akapiga goti kidogo, kama inavyotakiwa, akamwamkia shangazi kwa Kisukuma.

"Mwadila, sengi."

"Mwadila." Hakuinua macho. "Umekuja kuangalia ulichobakiza?"

"Nimebakiza nini, sengi?"

"Si wewe uliyekula majaruba ya kaka yangu?"

Klementina alidhani hakusikia vizuri. Akainuka. Ng'washi naye akanyooka, mikono imejaa michembe, na sasa akamtazama, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekuwa akimngojea muda mrefu.

"Joakim alikaa hapo ulipo wewe. Akasema, mke wangu anadai ng'ombe wa baba yake. Akasema umemwambia, lori litembee au ng'ombe warudi Sapiwi. Tukamwuliza, mwanamke gani huyo? Akainamisha kichwa. Mtoto tuliyemlea sisi, akainamisha kichwa. Nikasema huyu amelishwa kitu."

"Mimi sikusema hivyo."

"Basi alisema nani?"

"Sengi, mimi hata sikujua kama majaruba yameuzwa. Nimeyaona sasa hivi njiani."

Ng'washi hakumwamini. Ilionekana wazi. Alimwangalia usoni, mikononi, akaangalia hata pochi yake, kama anayetafuta dawa iliyofichwa. Klementina aliyekuja kumkamata mtu akajikuta amesimama yeye ndiye aliyekamatwa.

"Huyo Violeth anakaa wapi?" akauliza.

Shangazi akaelekeza kwa kidevu.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya matofali ya kuchoma, na mwenyewe alikuwa barazani anachambua mbegu za mpunga kwenye ungo. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mnene kidogo, nywele zimekatwa chini kabisa. Miwani ilikuwa imefungwa kamba nyuma ya shingo. Klementina alijitambulisha. Yule mama akaweka ungo chini, akafuta miwani kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena ili amwone vizuri.

"Kumbe upo," alisema. "Nilianza kufikiri hayupo."

"Hayupo nani?"

"Mke. Kaa, mwanangu. Mimi nilikuwa nesi hospitali ya wilaya, nimestaafu, nimekuja huku kulima. Mumeo alinifuata akitaka kuniuzia yale majaruba. Nikamwambia, shamba la mtu aliyeoa silinunui mpaka nimwone mke kwa macho yangu. Kila siku mke anaumwa. Mke amesafiri. Mke yuko kibandani. Nikamwambia basi, siyanunui, nayakodi. Misimu mitatu."

"Hayajauzwa?"

"Hayajauzwa. Wenyeji wanasema yameuzwa kwa sababu wanapenda kusema." Akachukua ungo tena, akaupepeta kidogo. "Na hata hela sikumpa mkononi. Mwanamume anayekuja peke yake, hataki mkewe ajue, anataka hela leo leo. Wewe ungefikiri nini? Nilifikiri ana mwanamke. Nikamwambia, twende wote dukani, nilipe mwenyewe, nione inafungwa. Nilikaa pale mpaka fundi akamaliza."

Klementina akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kifupi, na yule mama akamtazama kwa mashaka.

"Mimi nilifikiri mwanamke huyo ni wewe," akasema Klementina.

Nesi mstaafu hakucheka hata kidogo. Aliwaza, kisha akasema, "Angekuwa na bahati."

Klementina alifika Bariadi siku iliyofuata alasiri. Joakim alikuwa uani anaosha lori, suruali imekunjwa magotini. Aliposikia geti hakugeuka. Klementina aliweka mkoba wake ngazini, akachukua kitambaa cha pili ndani ya ndoo, akaanza kuosha upande wake.

"Mama yako hajambo?" akauliza Joakim.

"Violeth anakusalimia."

Kitambaa chake kikasimama juu ya bati. Maji yakatiririka peke yake.

"Violeth yupi?"

"Usinifanyie hivyo, Baba Winnie. Nimetoka Ipililo."

Joakim akakaa juu ya ngazi ya kupandia, chini ya mlango wa dereva. Alionekana mzee kwa ghafla. Alipoanza kusema, alisema akiutazama mkono wake.

"Uliuza kabati lako la vyombo tukanunua betri. Unakumbuka? Uliliona linabebwa, ukasema halina kitu, ni mbao tu. Halafu ukaingia ndani ukalia. Mimi nilikuwa dirishani. Nikasema sitakutajia bei ya kweli tena."

"Kwa hiyo ukawatajia watu wa Ipililo jina langu."

Joakim akajifuta maji mikononi.

"Shangazi yako ananiangalia kama mchawi. Anasema nimekulisha kitu. Kwa sababu ulikaa uani kwake ukasema mimi ndiye ninayedai ng'ombe."

"Nilitakiwa kusema kitu, Mama Winnie. Ningewaambia nini? Kwamba nimeshindwa? Kaka yako Josia alisema siku ile ile, chuma kinakula. Ng'ombe wa baba yako nilivyowageuza chuma, halafu chuma kife mikononi mwangu, wangenicheka kule na wangenicheka huku."

"Wakucheke wewe au wanichukie mimi. Ukachagua."

Aliinamisha kichwa, na Klementina akaelewa jinsi alivyokiinamisha siku ile uani kwa shangazi. Alikuwa na hasira nyingi, lakini hazikuwa zile alizokwenda nazo Ipililo. Zile zilikuwa na mahali pa kushika.

"Nilidhani una mwanamke," alisema.

Joakim akainua uso, akataka kucheka, akaona uso wa mkewe, akaacha.

"Mwanamke ningejua la kufanya," Klementina akaendelea. "Hili nilifanye nini? Umenidanganya kwa kunihurumia. Sasa kila utakachoniambia nitakipimia wapi?"

Akasuuza kitambaa, akakikamua kwa nguvu, akamwambia mambo mawili. La kwanza, lori linauzwa. Joakim akaruka kama amechomwa. Akasema halinunuliki, nani atachukua gonjwa lile? Klementina, anayesikiliza madereva kutwa nzima, akamwambia kwamba hakuna anayeweza kununua jipya, ndiyo maana watu wanagombania magonjwa, na karibu na msimu wa pamba watagombania zaidi. Na ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa nne bosi wa Maganga alilichukua kwa bei iliyozidi ile waliyolinunulia, na Joakim akawa dereva wake wa mshahara. Injini ikifa, ni kilio cha tajiri. Sehemu ya fedha ile ilinunua mitamba, wakapelekwa Sapiwi, na Josia aliwapokea bila neno, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Lakini hayo yalikuja baadaye. Lile jambo la pili halikungoja mwezi wa nne.

"Jumapili," alisema, "tunakwenda Ipililo. Utamwambia shangazi yako mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele yangu."

Joakim alisema wangoje mvua ipungue. Alisema ana mzigo wa tofali. Jumamosi alisema tumbo linamsumbua. Jumapili baada ya misa Klementina alikuwa amekaa tayari ndani ya lori, upande wa abiria, na pochi magotini.

Shangazi Ng'washi aliwapokea barazani. Aliwaita shemeji wawili wa Klementina wakae wasikie. Joakim alisimama, alikataa kiti. Alisema kwamba mkewe hakudai ng'ombe. Alisema mkewe hakujua lolote. Alisema lori lilimshinda, na aliona aibu, akaitupa kwa mke. Aliyasema yote kwa Kisukuma, polepole, na alivua kofia pale alipotaja jina la baba yake. Alipomaliza, kuku alipita katikati yao, akadonoa kitu, akaenda zake.

Ng'washi aliingia ndani. Akakaa huko muda mrefu, mpaka Joakim akaanza kutazama mlango. Alipotoka alikuwa na kikapu cha michembe, kimejaa mpaka juu. Akampa Klementina kwa mikono miwili.

"Ng'wanone," alimwita, mwanangu. "Ya mwaka huu ni mitamu."

Klementina akapokea naye kwa mikono miwili. Shemeji wakaanza kuzungumza habari za mvua, na Joakim, kama mtu aliyetuliwa mzigo, akakaa hatimaye kwenye kiti alichokikataa. Lakini shangazi alikuwa bado amesimama. Alikuwa anamtazama mpwa wake kwa jicho moja lililofinywa.

"Na yule mama wa miwani," alisema. "Mlijuana vipi?"

"Alimuuguza mama hospitali. Wakati wa mwisho."

"Wodi gani?"

"Sengi, ni zamani."

"Mimi ndiye niliyekaa na mama yako kule. Nauliza wodi gani."

Mazungumzo ya mvua yakakatika. Klementina alishika kikapu chake, akamgeukia mumewe, akasubiri naye asikie.